Msuguano Upimwe, Usikisiwe

Ndugu Mhariri,

Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika ya kuwa kupimapima kila kitu ni kazi ya viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani, na ya kwamba fundi wa kweli hupima kwa jicho na kwa mkono wake. Alitoa mfano wa mhunzi: ati mhunzi hodari hajui namba hata moja, lakini jembe lake hulima. Makala yale yalipendwa sana mabwenini, na mimi pia niliyafurahia, kwa kuwa yaliandikwa kwa lugha nzuri. Hata hivyo sikubaliani nayo, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu. Nitajibu kwa kuitumia kazi ile ile aliyoichagua yeye, yaani kufua chuma. Na katika kazi hiyo nitachukua jambo moja tu ambalo wengi hawalifikirii. Jambo lenyewe ni msuguano ulio kati ya chuma kinachofuliwa na kile kinachokifua, pamoja na vilainishi vinavyotiwa kati yao.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maana ya maneno. Kufua ni kukipa chuma umbo kwa kukipiga au kukibana, bila kukiyeyusha na bila kukichonga. Mhunzi hutumia nyundo na fuawe. Kiwanda hutumia nyundo za mashine na mitambo ya kubana, na chuma huwekwa kati ya vipande viwili vya kalibu vilivyochimbwa umbo la kitu kinachotakiwa. Spana nzuri iliyomo katika sanduku la fundi wa magari hupatikana kwa njia hiyo, na vile vile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni ndani ya injini nyingi. Chuma cha pua hufuliwa kikiwa na moto wa kiasi cha nyuzi 1,100 hadi 1,250 za Sentigredi. Vitu vidogo, kama bolti, huweza kufuliwa kikiwa baridi.

Sasa tuangalie msuguano huingia wapi. Chukua kipande cha chuma kilicho mviringo kama mkebe, ukibane kati ya bapa mbili. Kimo chake kitapungua na kitatanuka pembeni. Lakini ili kitanuke, uso wake wa juu na uso wake wa chini hazina budi kuteleza juu ya zile bapa. Nyuso hizo zikizuiwa na msuguano, tumbo la kipande hutanuka kuliko ncha zake, na mkebe wetu ukawa kama pipa. Hapo tayari hasara imeingia. Nguvu nyingi zaidi yatakiwa ili kufanya kazi ile ile. Kalibu, ambayo ni ghali kuliko chuma kinachofuliwa, huliwa upesi. Na ubavu wa kile kipande, kwa kuvutwa kupita kiasi, huweza kupasuka.

Msomaji aweza kusema: basi tatizo limekwisha, tie mafuta mengi iwezekanavyo msuguano uondoke. Hapana, si hivyo. Mafuta yakizidi hujikusanya katika pembe za kalibu, na kwa kuwa hayabanwi yakapungua, chuma hakiwezi kuingia mahali pale. Kitu hutoka kikiwa na pembe butu. Tena viko viwanda vinavyouhitaji msuguano. Kalibu nyingi huachwa na mwanya mwembamba kandokando, ambamo chuma cha ziada hutokea. Msuguano ulio katika mwanya huo hukizuia chuma kisikimbilie nje upesi, na kwa kuzuiwa huko hulazimika kurudi kujaza pembe za ndani. Ungeuondoa msuguano wote hapo, chuma kingetoka nje na kuiacha kalibu haijajaa.

Kwa hiyo msuguano si adui wa kufukuzwa, wala si rafiki wa kukumbatiwa. Ni kama chumvi katika mboga. Swali la maana si kama upo au haupo, bali ni kiasi gani. Na swali la kiasi gani halina jibu jingine ila kipimo.

Hapa yatupasa tukumbuke tuliyofundishwa darasani. Tulifundishwa ya kuwa kani ya msuguano ni sawa na namba fulani ikizidishwa kwa kani inayogandamiza nyuso mbili pamoja. Kanuni hiyo ni ya zamani. Leonardo da Vinci aliichunguza mwishoni mwa karne ya 15, Mfaransa Amontons akaieleza mwaka 1699, na Mfaransa mwingine, Coulomb, akaieneza zaidi kwa kazi yake iliyochapwa mwaka 1785. Kwa gogo linaloburutwa sakafuni au sanduku linalosukumwa bwenini, kanuni hiyo yatosha kabisa.

Katika kufua chuma haitoshi. Gogo na sakafu hugusana kwa vinundu vidogo vidogo tu, hata kama kwa macho twaona uso laini. Lakini chuma kinachofuliwa hubanwa kwa nguvu kubwa mno hata vinundu hivyo vikalazwa, na nyuso mbili zikagusana karibu kila mahali. Zaidi ya hapo, kugandamiza zaidi hakuongezi msuguano. Kwa nini? Kwa sababu uko mpaka. Msuguano hauwezi kuzidi nguvu ya chuma chenyewe kujizuia kisiteleze ndani kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Mpaka huo ukifikiwa, chuma hung'ang'ania kalibu, na mahali pa kuteleza juu ya kalibu, huteleza ndani ya mwili wake.

Kwa hiyo wahandisi wa kazi hii hutumia namba nyingine waiitayo kwa herufi m, inayoanzia 0 mpaka 1. Ikiwa 0, hakuna msuguano hata kidogo. Ikiwa 1, chuma kimenata. Katika kufua chuma baridi kwa kilainishi kizuri, m huwa kiasi cha 0.05 hadi 0.15. Katika kufua chuma cha moto kwa grafaiti, ule unga mweusi ulio katika penseli, huwa kiasi cha 0.2 hadi 0.4. Pasipo kilainishi chochote hupanda mpaka 0.7 au hata 1. Tazameni tofauti hizo zilivyo kubwa! Mtu anayekisia tu, hajui kama yuko katika 0.1 au 0.7, na mtu asiyejua hilo hawezi kujua mtambo wake utahitaji nguvu gani, wala kalibu yake itadumu kwa vipigo vingapi.

Lakini namba hiyo itapimwaje? Hapa ndipo watu hukata tamaa. Chuma ni cha moto, nyundo huanguka na pigo likaisha kufumba na kufumbua, na uso unaoteleza umefichwa kati ya vyuma viwili. Nani atauchungulia? Jibu lilipatikana, nalo ni jibu la werevu na unyenyekevu hata mimi nilipolisoma nilicheka kwa furaha. Katika mwaka 1956 Mjapani aitwaye Kunogi alionyesha ya kuwa pete ya chuma ikibanwa, tundu lake husema habari za msuguano. Waingereza wawili, Male na Cockcroft, wakaifanya njia hiyo kuwa kipimo kamili katika makala waliyoyatoa mwaka 1964. Mpaka leo jaribio la pete latumika duniani kote.

Maelezo yake ni haya. Tengeneza pete ambayo upana wake wa nje, upana wa tundu lake na kimo chake vina uwiano wa 6 kwa 3 kwa 2. Ipake kilainishi unachotaka kukipima, kisha ibane iwe fupi. Nyuso zikiwa telezi, chuma chote huenda nje, na kingo za tundu pia huenda nje, tundu hupanuka. Nyuso zikiwa kavu, ni kazi ngumu kwa chuma chote kuburuzwa kwenda nje, basi sehemu yake huona njia rahisi ni kurudi ndani, tundu husinyaa. Kati ya chuma kinachokwenda nje na kile kinachorudi ndani upo mzingo mmoja ambao hauendi huku wala huku. Msuguano ukizidi, mzingo huo husogea nje zaidi.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba huna haja ya kujua nyundo ilipiga kwa nguvu gani. Hupimi nguvu, hupimi joto la kalibu, huchungulii popote. Unapima kimo na tundu baada ya kazi kwisha na pete kupoa, kisha unalinganisha na michoro iliyokwisha kuandaliwa kwa hesabu, na mchoro unakuambia m ni ngapi. Chuma chenyewe kimeandika jibu katika umbo lake.

Wanafunzi wa hisabati na waikague hesabu hii. Tuseme pete ina upana wa nje wa milimita 60, tundu la milimita 30 na kimo cha milimita 20. Tukiibana mpaka kimo kiwe milimita 10, ujazo haubadiliki, maana chuma hakipotei. Kama hakuna msuguano kabisa, kila upana utazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2: upana wa nje utakuwa karibu milimita 84.9, na tundu milimita 42.4. Basi 42.4 ndicho kikomo cha ndoto. Kila milimita inayokosekana hapo ni ushuru uliotozwa na msuguano. Tundu likibaki 36, ushuru ni mdogo. Likishuka chini ya 30, ujue tundu limeanza kusinyaa na ushuru ni mzito. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili.

Wala jaribio lenyewe haliishindi shule. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mwalimu wa karakana, wanafunzi wanne tulifinyanga pete kwa plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, ambao hata wahandisi huutumia mahali pa chuma cha moto wanapotaka kuchunguza jinsi chuma kinavyotiririka. Pete nyingine tulizibana kati ya mbao kavu zilizokwaruzwa kwa msasa, nyingine kati ya vipande vya kioo kinene vilivyopakwa mafuta ya kupikia. Tuliweka vipande vya mbao kando ili kila pete ifikie kimo kile kile. Tundu la pete ya mbao kavu lilisinyaa, na lile la kioo chenye mafuta lilipanuka. Lilionekana kwa macho hata kabla ya kalipa kutolewa sandukuni.

Ndipo ukazuka ubishi kama mafuta ya kupikia yanashinda maji ya sabuni. Mmoja wetu ni mkubwa na ana sauti ya kuamuru, na siku nyingine angeshinda kwa sauti yake tu. Siku hiyo hakuweza. Tulitengeneza pete tatu kwa kila kilainishi, tukapima kila tundu mara mbili kwa njia ya msalaba, kwa kuwa tundu haliwi duara kamili, tukachukua wastani. Mdogo wetu wa kidato cha kwanza ndiye aliyekuwa upande wa haki, na yule mkubwa akakubali bila kinyongo. Sitataja ni kilainishi gani kilichoshinda, ili wenzangu wajaribu wenyewe.

Jambo hilo ndilo linalonifanya niandike kwa bidii. Penye kukisia, mwenye sauti kubwa au umri mkubwa ndiye mwenye haki. Penye kipimo, haki ni ya yule aliyepima vizuri, awe mkubwa au mdogo, tajiri au maskini. Sisemi haya kwa kukosa adabu kwa wakubwa. Nasema ya kuwa mkubwa mwenye busara hufurahi kupata namba, kwa maana namba humwondolea mzigo wa kubishana.

Sasa niseme juu ya mhunzi, nisije nikadhaniwa namdharau. Mhunzi si mtu wa kukisia ovyo. Anapoitazama rangi ya chuma motoni, akangoja nyekundu igeuke kuwa ya machungwa kisha ya manjano, anapima joto. Jicho lake ni kipimajoto alichokisawazisha kwa miaka mingi. Anaposikia mlio wa nyundo umebadilika, anajua chuma kimepoa. Huo ni ujuzi mkubwa. Kasoro yake ni moja tu: haukopesheki. Ukimwuliza, atakuambia, "Utazoea." Nawe utazoea baada ya miaka kumi, kama atakuwa hai akufundishe.

Historia ya nchi yetu ina funzo juu ya jambo hili. Wahaya wa Kagera na majirani zao waliyeyusha chuma tangu miaka ipatayo 2,000 iliyopita, na tanuri zao zilikuwa na ufundi uliowashangaza wataalamu. Chuma cha kununua kilipoenea, kazi ile ikaachwa. Watafiti wa Kimarekani Peter Schmidt na Donald Avery walipotaka kuichunguza, katika miaka ya 1970, iliwabidi kuwategemea wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao, wajenge tanuri upya na kujaribu tena. Matokeo yalichapwa mwaka 1978 yakasomwa ulimwenguni. Wazee wale wangalikuwa wamefariki wote, ujuzi wa vizazi vingi ungalizikwa pamoja nao. Wazee wetu wenyewe walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujuzi ni mali.

Tusidhani ya kuwa msiba huo ni wa Waafrika peke yao. Nimemtaja Leonardo da Vinci. Yeye alizijua kanuni za msuguano, lakini aliziacha katika madaftari yake wala hazikuchapwa. Kwa sababu hiyo Amontons ilimlazimu azigundue upya baada ya miaka kama 200. Akili ya Leonardo ilikuwa kubwa, lakini kwa jambo hili haikumfaa mtu mwingine. Kupima peke yake hakutoshi, basi. Kipimo kiandikwe, na kilichoandikwa kisomwe na wengine.

Wako watakaouliza kama jambo dogo hivi lastahili taabu hiyo. Nawajibu kwa hesabu za watu wazima. Mwaka 1966 kamati ya Serikali ya Uingereza iliyoongozwa na mhandisi Peter Jost ilitoa taarifa yake juu ya msuguano, ulainishaji na kulika kwa vyuma. Ilikadiria ya kuwa nchi ile ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka kama elimu hiyo ingetumiwa vizuri viwandani. Mwaka 2017 wataalamu wawili, Holmberg na Erdemir, walikadiria ya kuwa kiasi cha asilimia 23 ya nishati yote inayotumika duniani huenda kwa sababu ya msuguano na uchakavu: asilimia 20 katika kuushinda msuguano, na asilimia 3 katika kutengeneza upya vitu vilivyochakaa. Karibu robo ya nishati ya dunia! Mtu angeibiwa robo ya mshahara wake kila mwezi, asingesema ni jambo dogo.

Tena liko suala la afya na mazingira. Grafaiti ni kilainishi kizuri cha chuma cha moto, lakini huchafua: huruka, hutua juu ya mitambo, juu ya sakafu na juu ya nguo za wafanyakazi. Katika kufua chuma baridi, kwa muda mrefu njia iliyosifiwa ni kukichovya chuma katika dawa ya fosfeti kisha katika sabuni, na njia hiyo huacha tope ambalo si rahisi kulitupa kwa usalama. Viwanda vingi vimekuwa vikitafuta vilainishi vilivyo safi zaidi. Lakini mwenye kiwanda hatakiacha kilainishi cha zamani kwa kuambiwa tu kipya ni kizuri. Ataogopa hasara, na ana haki ya kuogopa. Mwonyeshe ya kuwa kipya kinatoa m ile ile, naye atabadilisha. Hivyo pete ndogo yaweza kusafisha hewa anayovuta mfanyakazi.

Sitaficha ya kuwa kipimo nacho kina mipaka yake. Namba ya plastisini si namba ya chuma; hutufundisha njia, haitupi jibu la kiwanda. Hata pete ya chuma halisi haituambii yote, kwa kuwa katika kazi nyingine uso wa chuma hunyooshwa kuliko unavyonyooshwa katika pete, na kilainishi kilichofaulu hapa chaweza kuchanika kule. Ndiyo maana wataalamu wana majaribio mengine, kama lile la vikombe viwili. Katika jaribio hilo kipande kimoja cha chuma hutobolewa juu na chini kwa pamoja, na vimo vya vikombe vinavyotokea hulinganishwa: pasipo msuguano huwa sawa, na kadiri msuguano unavyozidi ndivyo kimoja kinavyokipita kingine. Lakini mipaka hii haimwokoi mtetezi wa kukisia. Mtu aliyepima anajua kipimo chake kinaishia wapi. Aliyekisia hajui hata hilo.

Watakuwako pia watakaosema ya kuwa mtihani wa taifa u mlangoni, na pete hizi hazitatupa alama. Mimi pia ni mtahiniwa mwaka huu, na mtihani nauogopa kama wao. Lakini jaribio hili moja lina ujazo wa mcheduara, kipeuo cha pili, wastani, makosa ya vipimo na kanuni ya msuguano pamoja na mwisho wa kanuni hiyo. Aliyelifanya kwa mikono yake hatayasahau hayo katika chumba cha mtihani. Aliyeyakariri usiku chini ya taa huyasahau kabla ya chai ya asubuhi.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nayo si makubwa. Ombi la kwanza ni kwa walimu wetu wa Fizikia na wa karakana: kila muhula kila kidato kifanye angalau kipimo kimoja cha kitu ambacho sasa twakikisia tu. Vifaa tunavyo: jiliwa, kalipa, msasa, vipande vya kioo. Plastisini bei yake si ya kuishinda shule.

Ombi la pili ni kwako wewe, Ndugu Mhariri. Utenge ukurasa mmoja kila toleo kwa matokeo hayo, pamoja na jina la kidato, tarehe na namba zote, hata zile zisizopendeza. Wanafunzi watakaokuja baada yetu waanzie pale tulipoishia sisi, wasianze tena mwanzo.

Ombi la tatu ni kwa wazazi. Miongoni mwenu wako mafundi wa magari, waseremala, wafua vyuma na washonaji. Mnapokuja siku ya wazazi, tuambieni mnayoyajua kwa mikono, nasi tutajaribu kuyatafutia namba. Hatutaki kuwasahihisha. Twataka ujuzi wenu uwe na daftari.

Mwenzetu wa muhula uliopita alisema jembe la mhunzi hulima bila namba. Ni kweli, hulima. Lakini mhunzi huyo akiulizwa na kijana wake atie kilainishi gani na kiasi gani ili naye apate jembe kama lile, hana la kumpa ila subira. Namtakia kila mhunzi wa nchi hii awe na zaidi ya hilo la kumrithisha mwanawe.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne